Tani ngapi, tenere gani? Namna ya kuelewa hesabu za mradi wa madini

Kila mara kampuni ya utafiti inapofika kwenye kijiji cha Walikale, Mwenga, Shabunda ao Manono, habari ya kwanza yenye kuzunguka sokoni ni namba. «Wamepata tani milioni kadhaa.» «Kuko gramu 20 za dhahabu kwa tani.» Kisha namba inaanza kufanya kazi yake. Kijana anaacha masomo akingojea kazi. Shefu anaitwa kwenye mkutano wa kutia sahihi. Koperative inachukua deni ili ichimbe shimo la mita 30. Mwenye shamba anakataa malipo juu anaamini amelala juu ya utajiri.

Namba hizo si lazima ziwe za uongo. Shida ni kwamba namba moja peke yake haisemi kitu. Ili kujua kama mahali fulani kuko mgodi wa kweli, lazima kujua mambo mawili kwa pamoja: kuko jiwe kiasi gani, na ndani ya jiwe hilo madini iko kiasi gani. Tena lazima kujua namna vitu hivyo viwili vilivyopimwa. Maelezo haya yanaonyesha hesabu inavyofanyika, pahali inapoweza kudanganya, na maswali ambayo wakaaji wanaweza kuuliza kabla ya kuweka kidole kwenye karatasi.

Hesabu mbili zenye kwenda pamoja

Tani ni uzito wa jiwe lote lenye kuchimbwa na kupelekwa kwenye kinu. Tenere ni kadiri ya madini ndani ya jiwe hilo. Kwa bati, shaba, kobalti na litiamu, tenere inahesabiwa kwa asilimia. Kwa dhahabu, madini iko kidogo sana, kwa hiyo wanahesabu kwa gramu ndani ya tani moja ya jiwe.

Ukizidisha tani kwa tenere unapata uzito wa madini yenyewe. Tani milioni 1 za jiwe lenye asilimia 4 ya bati zinabeba tani elfu 40 za bati. Tani milioni 1 za jiwe lenye gramu 2 za dhahabu zinabeba tani 2 za dhahabu, basi. Mtu mwenye kusikia «tani milioni 1 za dhahabu» amesikia vibaya: ni milioni 1 ya mawe.

Juu ya hiyo, mradi wenye tani nyingi na tenere ndogo unaweza kushinda mradi wenye tenere kubwa na tani chache, ao kinyume. Kibali, kule Haut-Uele, inatoa zaidi ya tani 20 za dhahabu kwa mwaka na jiwe lenye karibu gramu 3 tu kwa tani. Mchimbaji wa mikono anaweza kuona filoni yenye gramu 30 na kuicheka Kibali. Lakini filoni yake ina upana wa kiganja na inaweza kuisha kisha mita 10. Kibali inasaga mamilioni ya tani kila mwaka.

Tani zinahesabiwa namna gani

Hakuna mtu anayepima mlima kwenye mizani. Wanapima ukubwa wake, kisha wanazidisha kwa uzito wa mita moja kubiki ya jiwe.

Tuchukue filoni yenye urefu wa mita 100, kina cha mita 50 na upana wa mita 2. Hiyo ni mita kubiki elfu 10. Jiwe la kawaida, sawa vile granito ao kwartzi, lina uzito wa karibu tani 2,7 kwa kila mita kubiki. Kwa hiyo filoni ile iko na tani elfu 27.

Inaonekana rahisi, lakini kila namba kati ya hizo ni pahali pa kukosea. Urefu umeonekana juu ya ardhi, ama umedhaniwa? Kina cha mita 50 kimefikiwa na mashine, ama mtu amesema tu kwamba filoni «lazima inaendelea»? Upana ni mita 2 pahali pote, ama pahali pamoja tu pazuri? Hata uzito wa jiwe lazima upimwe. Jiwe lenye kuoza juu ya mvua za msitu ni jepesi kuliko jiwe gumu la chini. Jiwe lenye kasiterite nyingi ni zito zaidi, kwa sababu kasiterite yenyewe inakaribia tani 7 kwa mita kubiki. Maji pia yana uzito, kwa hiyo tani za kweli zinahesabiwa jiwe likiwa kavu. Manegosia wa Goma na Bukavu wanaijua vizuri hiyo: mfuko wenye kulowa unajaza mizani, haujazi bei.

Karoti na labo

Ili kujua tenere, kampuni inaleta mashine ya sondaji. Mashine inatoboa chini na kutoa nguzo nyembamba ya jiwe, ile wafanyakazi wanaita karoti. Karoti zinapangwa kwa masanduku kufuatana na kina, zinaandikwa namba, kisha zinakatwa kwa msumeno kwa urefu. Nusu moja inakwenda labo. Nusu nyingine inabaki kwenye sanduku.

Ile nusu yenye kubaki ni ushuhuda. Mtu yeyote mwenye mashaka anaweza kurudi, kuichukua na kuipima tena. Dunia ilijifunza umuhimu wake kwa bei kali. Katika miaka ya 1990, kampuni moja ya Kanada yenye jina Bre-X ilitangaza kwamba imepata dhahabu nyingi kuliko karibu pahali pote duniani, kule Busang, Indonesia. Watu waliuza nyumba kununua hisa zake. Lakini pale Busang karoti zilisagwa zote. Nusu ya ushuhuda haikubaki. Mwaka 1997 watalamu wa inje walitoboa upya na hawakuona dhahabu yenye maana. Mtu alikuwa amemwaga unga wa dhahabu ndani ya mifuko ya jiwe kabla haijafika labo. Kampuni ilianguka, na akiba za watu wengi zilianguka pamoja nayo.

Tokea hapo sheria za masoko ya hisa zilikaza zaidi. Kanada iliweka kanuni mpya mwaka 2001. Australia na Afrika Kusini ziko na kanuni zao pia. Zote zinaomba jambo moja: namba ya tani na tenere lazima ibebwe na mtalamu mwenye jina, mwenye uzoefu wa madini ya aina ile, na lazima aeleze namna alivyofika kwenye namba. Ndani ya mifuko yenye kwenda labo, watalamu wanachanganya mifuko ya kujaribu: mingine ina jiwe tupu, mingine ina jiwe lenye tenere inayojulikana tayari. Labo haijui ni ipi. Ikijibu kwamba jiwe tupu lina dhahabu, watu wanajua kuko kasoro.

Wastani wenye kudanganya

Dhahabu haikai ndani ya jiwe sawa chumvi ndani ya mchuzi. Inakaa kwa vipande: hapa punje, pale hakuna kitu. Ndiyo maana jiwe moja lenye kung'aa haliwezi kuwakilisha mlima.

Kwa mfano: sondaji moja inapita mita 10 za jiwe. Mita moja ina gramu 20 kwa tani. Mita 9 zenye kubaki zina nusu gramu tu. Mwenye kutaka kuuza hisa atatangaza «gramu 20». Mwenye kutaka kuchimba atafanya hesabu ya zote: mara 1 gramu 20, kuongeza mara 9 nusu gramu, kugawanya kwa 10. Jibu ni gramu 2,45. Namba zote mbili zimetoka kwenye shimo moja, na hakuna mtu aliyedanganya. Mmoja tu hakusema yote.

Kuko jambo lingine ambalo wachimbaji wa mikono wanalijua kwa mgongo wao. Filoni ina upana wa nusu mita na gramu 10 kwa tani. Lakini mtu haingii kwenye tundu la nusu mita na kufanya kazi. Anachimba mita moja na nusu, na jiwe tupu linatoka pamoja na jiwe zuri. Yote yakichanganyika, gramu 10 zinakuwa gramu 3 na kidogo. Kampuni kubwa inapambana na shida hiyo hiyo kwa mashine. Tenere ya filoni si tenere ya kinu.

Mpaka wa faida

Ni jiwe gani linaitwa madini na ni lipi linaitwa jiwe tupu? Mlima hauna mstari wa rangi. Mpaka unawekwa na gharama. Ikiwa kuchimba, kubeba, kusaga na kusafisha tani moja kunaomba dola 60, jiwe lenye kutoa dola 40 ni jiwe tupu hata kama lina dhahabu ndani.

Kwa hiyo bei ya dunia inaweza kubadilisha ukubwa wa mgodi. Onsi moja ya dhahabu, ni kusema gramu 31,1, ilipita dola elfu 2 kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Mwezi wa 10 mwaka 2025 ilipita dola elfu 4. Jiwe ambalo zamani lilitupwa pembeni linaweza sasa kupelekwa kwenye kinu. Akiba ya kampuni inaongezeka bila jiwe hata moja kuongezeka chini ya ardhi. Bei ikianguka, akiba inapungua vilevile, na kazi za watu pamoja nayo.

Barabara pia ni sehemu ya mpaka huo. Jiwe lenye faida karibu na reli linaweza kuwa hasara katikati ya msitu, kwa sababu kila lita ya mazutu inafika kwa bei mara mbili. Usalama ni sehemu yake pia. Njia ikifungwa wiki mbili, hesabu nzuri ya karatasi inaharibika.

Rasilimali si akiba: mfano wa Manono

Manono, katika jimbo la Tanganyika, ilijulikana kwa bati tangu wakati wa wakoloni. Milima ya mabaki ya mgodi wa zamani ingali inaonekana pale. Karibu na mwaka 2018 jina lake lilirudi, mara hii juu ya litiamu ya batri za magari. Mwaka 2019 kampuni ya Australia, AVZ Minerals, ilitangaza tani milioni 400 za jiwe lenye asilimia 1,65 ya oksidi ya litiamu. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima. Watu wengi waliielewa kwamba tani milioni 400 ziko tayari kuchimbwa na kuuzwa.

Lakini namba ile ilikuwa ya rasilimali, na rasilimali ina madaraja matatu. La chini ni rasilimali yenye kudhaniwa: mashimo ya sondaji yako mbali mbali, na watalamu wanakisia kati yake. La pili ni rasilimali yenye kuonyeshwa: mashimo yamekaribiana vya kutosha ili kuanza kupanga mgodi. La juu ni rasilimali iliyopimwa: mashimo ni mengi na mashaka ni machache. Kati ya zile milioni 400 za Manono, karibu milioni 131 zilikuwa kwenye daraja la kudhaniwa.

Kisha inakuja hatua ya akiba. Akiba ni ile sehemu ya rasilimali ambayo utafiti umeonyesha kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida, kukiwa hesabu ya mashine, umeme, barabara, kodi na mazingira. Daraja la kudhaniwa haliruhusiwi kuingia ndani ya akiba. Utafiti wa mwisho wa Manono, uliotoka mwezi wa 4 mwaka 2020, uliandika akiba ya tani milioni 93 zenye asilimia 1,58. Mpango ulikuwa kusaga tani milioni 4,5 kwa mwaka kwa miaka karibu 20, na ulihesabia kufufua barajo la umeme la Mpiana-Mwanga.

Kutoka milioni 400 mpaka milioni 93: hakuna aliyeiba zile zingine. Ziko palepale chini. Ni kwamba wakati ule hakuna aliyeonyesha kwa hesabu kwamba zinaweza kulipa. Mwaka uliofuata akiba ile iliongezwa ikapita tani milioni 130, juu ya utafiti kuendelea. Kisha mabishano ya haki juu ya permi yalisimamisha mradi wa kampuni ile. Hiyo nayo ni fundisho: tani na tenere zinaweza kuwa nzuri sana, na kijiji kikangojea miaka bila kuona kazi.

Mkaaji anaposikia namba, swali la kwanza ni hili: hiyo ni rasilimali ama ni akiba? Ikiwa ni rasilimali, sehemu gani ni ya kudhaniwa?

Bisie: tenere yenye kushangaza

Bisie, katika teritware ya Walikale, iko mfano wa upande mwingine. Wachimbaji wa mikono walianza kutoa kasiterite pale karibu na mwaka 2002. Walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, kwa mguu ndani ya msitu mpaka Njingala, na kutoka huko mizigo ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilishuka kwenye barabara ya magari. Ilikuwa kazi ya mateso, yenye kodi za watu wa bunduki kila upande. Namna gani ililipa? Kwa sababu ya tenere.

Migodi mingi ya bati duniani inachimba jiwe lenye chini ya asilimia 1. Mgodi wa Bisie, ambao kampuni ya Alphamin ilianzisha uzalishaji wa biashara mwaka 2019, unasaga jiwe lenye karibu asilimia 4 ao zaidi. Kwa asilimia 4, tani moja ya bati iko ndani ya tani 25 za jiwe. Kwa nusu asilimia, ingeomba tani 200. Tofauti hiyo ndiyo inalipa barabara iliyofunguliwa msituni, mazutu, na walinzi. Mwaka 2023 mgodi ulitoa karibu tani elfu 12 na nusu za bati. Mwaka 2024, sehemu ya pili ikifunguliwa, ulipita tani elfu 17.

Lakini mwezi wa 3 mwaka 2025, vita ilipokaribia katikati ya Walikale, kazi ilisimamishwa na wafanyakazi wakaondolewa, mpaka iliporudishwa pole pole mwezi uliofuata. Tenere ya jiwe haikubadilika hata kidogo kwa siku zile. Kilichobadilika ni kama jiwe linaweza kufikiwa.

Tukumbuke tena kwamba si madini yote yenye kuingia kwenye kinu yanatoka upande wa pili. Pale Bisie kinu kimekuwa kikipata karibu robo tatu ya bati. Ile ingine inaenda na mchanga wa mabaki. Ndiyo sababu tani 25 zinakuwa kwa kweli zaidi ya 30. Kwa dhahabu ya mikono yenye kutumia zebaki, mara nyingi zaidi ya nusu inabaki ndani ya mchanga. Ni sababu moja wapo wenye vinu wanapenda kubaki na mchanga wa wengine: wanajua bado iko na kitu.

Kwa wachimbaji wa mikono na koperative

Hesabu hizi si za kampuni kubwa tu. Koperative yenye kutaka kutoboa shimo jipya inaweza kujipimia kabla ya kukopa kwa negosia.

Kwanza, isichukue jiwe zuri peke yake. Ichukue mawe kwenye sehemu 10 ao zaidi, kila baada ya hatua chache kufuata filoni, na kwa upana wote utakaochimbwa, pamoja na jiwe tupu la pembeni. Yote yasagwe na kuchanganywa juu ya bashi safi. Kisha wafanye fungu moja la duara, waligawe mara nne sawa mkate, watupe robo mbili zenye kuelekeana na kuchanganya zile zingine. Warudilie hivyo mpaka kilo 10 zibaki. Kilo hizo zinawakilisha filoni. Jiwe moja la mfukoni haliwakilishi kitu.

Kilo 10 zioshwe kwenye karayi bila zebaki, dhahabu ikaushwe na kupimwa kwenye mizani yenye kuonyesha sehemu ya mia ya gramu, si kwa njiti za kibiriti. Kwa sababu kilo 10 ni sehemu ya mia ya tani, zidisha kwa 100. Gramu 0,05 inamaanisha gramu 5 kwa tani. Kwa kuwa karayi inapoteza unga mwembamba, tenere ya kweli inaweza kuwa juu kidogo. Lakini ule unga koperative haitaupata hata wakati wa kazi. Jaribio lirudiliwe mara kadhaa na kuandikwa kwenye daftari, siku, pahali na kina.

Sasa hesabu ya mfuko. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Kwa gramu 5 kwa tani, kila mfuko una robo gramu. Nusu ikipotea kwenye kuosha, inabaki gramu 0,125. Timu yenye kupandisha mifuko 100 kwa wiki itapata gramu 12 na nusu. Kutoka hapo toa fungu la PDG wa shimo, la mwenye kinu, la mwenye ardhi, chakula, mbao, na taksi zote za njiani. Kinachobaki kigawanywe kwa watu wa timu. Koperative nyingi zingefanya hesabu hiyo mbele ya kukopa, shimo fulani zisingetobolewa.

Kwa kasiterite iko mpaka mmoja wa kukumbuka: hata ikiwa safi kabisa, haiwezi kupita asilimia 79 ya bati, kwa sababu yenye kubaki ni oksijeni. Negosia akisema mzigo ni asilimia 60 na koperative inaamini ni 68, tofauti hiyo kwa kila kilo 100 ni kilo 8 za bati. Dawa ni kugawa mfuko wa majaribio mara tatu mbele ya wote: mmoja wa muuzaji, mmoja wa mnunuzi, na wa tatu ufungwe kwa sahihi za wote wawili, kwa siku ya mabishano. Ni akili ileile ya nusu ya karoti.

Kutoka tani mpaka franka ya kijiji

Kwa sheria ya Kongo, ardhi na madini yaliyo chini yake ni mali ya Serikali. Mwenye shamba analipwa juu ya mazao, nyumba na haki zake za kutumia udongo. Halipwi juu ya dhahabu yenye iko chini. Kwa hiyo tenere, hata ikiwa kubwa namna gani, haipandishi bei ya mihogo yake. Ni heri kuhesabu miti na mazao vizuri kuliko kungojea sehemu ya tani milioni.

Faida ya jamii inapita kwenye njia zingine, na zote zinafuata mauzo, si madini yaliyo chini. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inaomba redevansi ya asilimia 3,5 ya thamani ya mauzo kwa dhahabu, bati na metali zingine za aina hiyo, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa ya kimkakati, sawa vile koltani na kobalti. Redevansi hiyo inagawanywa: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta ao komine penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vyenye kuja. Tena kampuni lazima itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu, na itie sahihi kitabu cha madaraka chenye kuonyesha shule, barabara, maji ao vituo vya afya vitakavyojengwa.

Mfano: mgodi wa dhahabu wenye kuuza kwa dola milioni 100 kwa mwaka unalipa redevansi ya milioni 3,5. Sheferi inapaswa kupata dola elfu 525. Fungu la asilimia 0,3 ni dola elfu 300. Ikiwa mgodi bado uko kwenye utafiti, mauzo ni sufuri, na mafungu hayo pia ni sufuri, hata kama gazeti limeandika tani milioni 400.

Maswali ya kuleta kwenye mkutano

Wajumbe wa jamii, shirika la kiraia na wakubwa wa koperative wanaweza kuuliza maswali haya, na wana haki ya kuomba majibu kwa maandishi na kwa lugha yenye watu wanaelewa:

– Namba hiyo ni ya rasilimali ama ya akiba, na ni ya mwaka gani?
– Ni sondaji ngapi zimefanyika, na karoti zinawekwa wapi?
– Mtalamu gani ameibeba kwa jina lake, na alifuata kanuni gani?
– Ni bei gani ya madini imetumiwa kwenye hesabu, na mgodi utafanya nini bei ikianguka?
– Kinu kitapata sehemu gani ya madini, na mabaki yatatupwa wapi?
– Mgodi utadumu miaka mingapi, na utauza kiasi gani kila mwaka?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwa kijiji. Akiba ya miaka 8 haiwezi kubeba ahadi za miaka 30. Shule yenye kujengwa na fungu la mgodi inaomba walimu hata kisha mgodi kufungwa. Mwenye kujua tani, tenere na miaka anaweza kupanga mambo hayo mapema, wakati kampuni ingali inaomba sahihi yake.